Mwanangu, kabla hujaingia ziwani

Kadutu, Bukavu

Mwanangu,

Ushuhuda wako umetufikia. Mdogo wako aliuweka kwenye simu, majirani wakajaa ndani hadi mlango ukakosa pa kufungia. Sauti yako imekomaa, baba. Nilipokusikia ukilia mbele ya kanisa nami nililia, na usiku ule niliimba peke yangu jikoni. Usifikiri sikufurahi.

Lakini nimeusikiliza mara nne sasa, na kila mara nabaki na swali lile lile: umemrudishia yule mjane franga zake, zile dola za likelemba, mchango wetu wa zamu? Ulimtaja shetani, ukataja pombe, ukataja marafiki. Mjane hukumtaja. Ulisema yamepita. Kwake hayajapita, mimi napita mbele ya mlango wake kila asubuhi nikienda sokoni, tena nasalimia nikiangalia chini.

Habari ya likelemba sikuelezi, daftari ulilishika wewe. Akina mama 12, dola 20 kila mmoja, na zamu ilikuwa ya mjane. Alikuwa ameshaongea na muuza mabati. Leo mvua ikinyesha anahamisha kitanda.

Nasikia utabatizwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, huko ziwani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mchungaji alitufundisha kwamba neno la Waebrania la kutubu, shub, maana yake ni kurudi: mtu alikuwa anaenda njia, anageuka, anarudi. Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Kulia peke yake si kurudi. Hata aliyeketi pale pale alipopotelea anaweza kulia.

Sisemi msamaha wa Mungu unanunuliwa. Damu ya Yesu inatosha, hilo tulikufundisha na sitalibadilisha uzeeni. Ila soma Hesabu 5:7. Aliyekosa aungame, arudishe yote kamili, aongeze sehemu ya tano, ampe yule aliyemkosea. Nimepiga hesabu: 240 na 48, inakuwa dola 288. Zakayo aliahidi mara nne. Mara nne sikuombi. Lakini angalia alipoyasemea maneno yake. Ni Yeriko, mbele ya watu waliomjua kwa kazi yake. Hakuhamia mji mwingine akashuhudie huko. Na ni baada ya hayo ndipo Bwana aliposema wokovu umefika katika nyumba ile.

Baba yako anasema utume kwa simu, yaishe. Hilo pia naliogopa. Yuda alivirudisha vipande 30 vyote, hakubakiza hata kimoja. Akavitupa hekaluni, akaenda peke yake, na unajua alivyoishia. Petro hakuwa na fedha ya kurudisha, lakini alirudi kwa wenzake na aibu yake usoni. Mimi nataka urudi kama Petro. Panda meli, uje na miguu yako, ubishe pale kwa mjane.

Wala usiniambie habari za benki. Na huku zilifungwa Februari 2025, watu wakahangaika, lakini mwenye nia analipa kidogo kidogo. Nilimuuliza mjane kama atakubali dola 20 kwa mwezi. Alinyamaza kwanza, kisha akasema atakubali. Sikumwambia kwamba umenituma, kwa sababu hukunituma.

Wale waliokwenda Yordani kubatizwa, Yohana aliwaambia watoe matunda yapatanayo na toba. Watoza ushuru walipomuuliza wafanye nini, hakuwaambia wafunge siku tatu. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Ni hilo tu, jambo la mezani kwao. Siku niliyoisoma Luka 3 sikwenda kuuza. Kopo la unga, lile lililobonyezwa kitako, nimelitupa chooni, nimenunua jipya. Ulikuwa na miaka tisa ulipoanza kunisaidia kupima nalo. Wateja wa zamani siwezi kuwapata wote, wengine wamekufa, wengine wamekimbilia mbali. Wanaokuja nawapimia, halafu naongeza kiganja. Faida imepungua na baba yako ananung'unika. Nimemwambia aninung'unikie mimi.

Basi usinijibu kwamba hata nyumbani mambo hayakuwa sawa. Najua. Ndiyo maana nakuandikia.

Makala ya kupikia yamepanda bei tena, tunapika mara moja kwa siku, sombe, majani ya muhogo, ya asubuhi inabaki hadi jioni. Mdogo wako anatafuta diploma ya serikali mwaka huu, anasoma kwa tochi ya simu, macho yanamsumbua. Ukuta wa upande wa bonde umepata ufa baada ya mvua. Baba yako ameweka mawe, lakini mikono yake si ile tena. Ungekuwepo ungeona. Chumba chako nimekijaza magunia, ila ukisema siku unayokuja nitayatoa.

Ukija, leta jibini ya Masisi moja, hata ndogo. Si ya kwetu. Utaenda nayo kwa mjane, usibishe mlango mikono mitupu, hata kama dola za kwanza utakuwa nazo mfukoni. Anakaa pale pale, juu ya ngazi, mlango wa buluu.

Niambie siku ya meli kabla ya kuniambia saa ya ubatizo.

Mama yako