Swali la kambo wako

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza tena maneno ya mwisho ya kambo wako, yaani babu yako, kwa kuwa hukuwahi kufika kabla hatujamzika, na kwa kuwa yale niliyoyatamka kwenye kilio, kwamba alitubariki mmoja mmoja kwa jina kisha akafumba macho, yalikufikia yakiwa yameongezwa chumvi na shangazi zako. Leo nakiri kwamba baraka ile niliitunga mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele ya watu na nikiona haya kusema kweli.

Nilidhani anayekaribia kufa hupewa ulimi wa pekee, na pengine ni Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, aliyetuzoesha hivyo. Ulipokuwa mdogo nilikupeleka Shilatembo, mahali alipopigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, nawe ukaniuliza alisema nini. Nilikujibu kwa barua yake kwa mkewe Pauline, ile inayomwomba asimlilie na inayosema kwamba historia itatoa neno lake siku moja. Lakini barua hiyo aliiandika kizuizini Thysville, kabla ya kupakiwa ndegeni na kuletwa huku. Ni maneno ya mtu aliyekuwa bado na karatasi na wasaa wa kupima kila sentensi, hata kama alikwisha kujua kinachomngoja. Aliyoyasema porini, ikiwa aliachiwa nafasi ya kusema, hatukuyarithi. Hata mwili wake hatukuupata, maana uliyeyushwa kwa tindikali, na kilichorudishwa kutoka Ubelgiji mwezi wa Juni 2022 ni jino moja.

Kambo wako hakuandika chochote. Siku tatu za mwisho usingizi ulimzidi. Alikataa bukari, ugali wetu, kisha uji, kisha maji, tukabaki kumlowesha midomo kwa kitambaa. Muuguzi alitueleza kwamba mwili unaoaga huacha kudai chakula, pumzi huenda na kukatika, na usemi hupotea mapema, lakini tusiache kuzungumza naye, kwani huenda masikio yangali yanasikia. Basi shangazi yako mkubwa akamwimbia usiku kucha, na wewe unaijua sauti yake.

Jioni ya mwisho mvua ilianza kupiga mabati. Alifungua macho, akanitazama kwa ukali ule wa zamani, akauliza habari ya mkaa: «Makala mumeingiza?» Hakusema jingine hadi alfajiri alipokata roho. Niliona swali hilo ni dogo mno kulipeleka mbele ya waombolezaji, ilhali kwa makala hayohayo, gunia baada ya gunia, alilipa karo yangu tangu darasa la kwanza.

Nilimjibu kwamba yote yamo ndani. Magunia mawili yalikuwa bado uani, yakinyeshewa.

Baba yako