Risala ya wahitimu wa kidato cha nne kwa mgeni rasmi, Katibu Mezani mstaafu wa Bunge

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu na wazazi wetu, mwangaluka!

Mama, tunashukuru umekubali kuja huku kwetu Ilemela. Miaka yote mgeni rasmi ni diwani au tajiri wa samaki (hatuna ubaya nao, saruji walitupa) ila safari hii tuliomba wenyewe tuletewe mtu wa pale mbele ya kiti cha Spika, wale ambao kwenye TV wameinamia makaratasi, Spika akiita "Katibu!" anasimama mmoja anasoma shughuli inayofuata anakaa, basi. Tulidhani kazi ndo hiyo tu.

Kumbe bwana! Mwalimu wa uraia katueleza maswali ya wabunge yanapita kwenu kabla hayajafika kwa waziri, kamati zina makatibu wake, Kanuni za Kudumu, zile taratibu za kuendesha Bunge, mnazo kichwani na mjadala ukichemka Spika anawageukia nyie. Na siasa huigusi, wa chama tawala na wa upinzani wote unawahudumia sawa hata kama mmoja anakukera, hapo ndo tulipokukubali. Tena kwa watu wa ziwa si kazi ngeni, mzee Pius Msekwa wa Ukerewe alikuwa Katibu wa Bunge miaka ya 1960, uspika akaja kuushika 1994 mpaka 2005.

Na sisi tuna bunge letu kila Ijumaa, siwa yetu, ile rungu ya mamlaka ya Bunge, ni kasia la mtumbwi lililovunjika. Shida kila mtu anataka uspika au uwaziri mkuu, ukatibu anasukumiwa mwenye mwandiko mzuri na yeye anaandika akichoka anaacha. Mwaka huu hoja ya uji wa saa nne ilipita kwa kelele za ndiyoooo, mkuu wa shule akauliza mliazimia nini hasa, daftari halina hata mstari, uji ukaanza kujadiliwa upya.

Kwa hiyo mama ombi letu si la hela. Tunaomba nakala ya Kanuni za Kudumu iliyochapishwa maana printa hatuna, na kabla hujaenda kula sato kaa kidogo na makatibu wetu wa kidato cha tatu, uwaonyeshe uamuzi wa kiti, yaani wa Spika, unaandikwaje wakati watu wanapiga meza. Wanataka pia kujua ulisomea nini, humu wanabishana eti lazima sheria.

Wabeja sana.