Petroli Usiivute kwa Mdomo

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Mama yako kaniambia umefungua injini ya Fuso peke yako na ikawaka. Nimewatangazia kijiweni mpaka wamenichoka. Ila kumpigia mama yako simu, mimi ukaniruka, hilo nimeliona.

Jambo langu ni moja: petroli usiivute kwa mdomo.

Yule fundi mwenzangu wa Barabara ya 12 kalazwa. Miezi katibiwa malaria, homa haiishi, fizi zinatoka damu akipiga mswaki, mapaja yana madoa ya damu iliyovilia. Alipopimwa ikaonekana lukemia, saratani ya damu. Huanzia kwenye uboho, ndani ya mfupa. Watu wameshaanza kutaja majini. Nikamuuliza daktari kama ni petroli. Akasema kwa mtu mmoja ni vigumu kujua, wengi hawajulikani chanzo, na aina hiyo huwaandama zaidi waliokula umri. Lakini petroli ina benzini, na benzini huleta lukemia ya aina hiyohiyo. Hata moshi wa sigara unayo. (Hilo la sigara sikuulizi.)

Dada yako akanisomea kwenye simu habari za Istanbul. Mwaka 1974 madaktari waliandika juu ya mafundi viatu 26 waliopata lukemia au hali inayoitangulia. Walikuwa wakifanya kazi na gundi yenye benzini, vyumba havipitishi hewa. Gundi ya viatu, mwanangu! Sembuse wewe unayetia petroli kinywani.

Na usinijibu kwamba baba kavuta miaka 30 na yu mzima. Nani alikushikisha mpira wa kuvutia petroli ukiwa darasa la nne, ukatapika, akacheka? Mama yako alisema siku ile. Nikamjibu ndiyo kazi.

Nunua pampu ya mkono, pesa nitatuma. Mikono nawa kwa sabuni, si kwa petroli. Ovaroli isilale chumbani. Tajiri wako akikwambia vuta, mwambie baba kakataza. Akicheka, acheke.

Mpira wetu nimeukatakata, nimefungia mlango wa banda la kuku. Yule mweupe kaangua vifaranga nane, mwewe kachukua mmoja. Bati la jikoni linavuja palepale juu ya mtungi. Ukija Idi njoo na misumari ya bati, ya huku inakatika vichwa.

Baba yako