Kabla ya kubadilisha shokapu, angalieni kwanza rimu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi maana hili jambo linaniuma na naona wenzangu wengi hapa Mwanza wanamaliza hela kwa kutojua. Nina sedani ya Kijerumani ya V8, yaani injini ya silinda nane, nzito, ina nguvu kweli, ukiwa kwenye lami nzuri imetulia raha tupu, ila ukiingia barabara zetu za mitaani zenye viraka na mawe mgongo unapasuka, mpaka mama yangu mzazi akakataa kupanda.

Fundi wa kwanza akasema shokapu zimekufa, nikabadilisha zote nne, bado. Wa pili akaweka speisa kwenye springi gari ikanyanyuka, ndo ikawa mbaya zaidi, manake speisa inaongeza kimo tu hailainishi kitu, afu alaimenti, yaani ule mkao wa magurudumu, ikavurugika na matairi ya mbele yakaliwa upande wa ndani.

Kumbe ni rimu! Gari ilitoka kiwandani na tairi za 225/55 R17, yaani upana milimita 225, ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu inchi 17, aliyekuwa nayo kabla yangu akaweka 245/40 R19 ili ipendeze. Piga hesabu mwenyewe, ubavu wa tairi umetoka milimita 124 ukabaki 98, na ule ubavu wenye upepo ndo springi ya kwanza ya gari, shimo linafika pale kabla halijafika kwenye shokapu. Tena rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na uzito wake uko chini ya springi, kwa hiyo kila gurudumu likigonga shimo linarusha bodi nzima. Wavuvi wa Kirumba wanalijua hili, mtumbwi wenye mzigo hausumbuliwi na viwimbi kama mtupu, yaani bodi nzito siyo adui, adui ni gurudumu zito chini yake.

Angalia BMW M5, sedani ya spidi ya Kijerumani, ya 1998 ilikuwa na kama kilo 1,800 na rimu za inchi 18. Ya 2024 imepita kilo 2,400, rimu 20 mbele na 21 nyuma. Uzito huo lazima uukazie springi la sivyo kwenye kona gari inalala, ndo maana wanaweka shokapu za umeme zinazojibadilisha zenyewe, lakini hata hizo haziwezi kurudisha ubavu ambao haupo.

Mi nimerudi kwenye 17, ila hakikisha kwanza breki zako zinaingia, magari mengine ya spidi yana diski kubwa rimu ndogo haipiti. Na upepo jaza ule ulioandikwa kwenye nguzo ya mlango, usiache kijana wa pancha ajaze kwa mazoea. Juzi mama tumeenda naye mpaka Magu, kalala njia nzima.

Mhariri, tunaomba gazeti litenge hata robo ukurasa kwa wiki mafundi waelezee mambo haya, na wanaoweka matuta barabarani jamani wayapake rangi, usiku hayaonekani kabisa.

Msomaji wako, Nyegezi, Mwanza