Vidonge vya mishipa ya miguu: lebo inasema nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vidonge vya mitishamba wanavyouziwa watu wenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizovimba miguuni. Vingi hutokana na mbegu za mti wa Ulaya, Aesculus hippocastanum. Si vya kubezwa: uchambuzi wa mwaka 2012 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 17, ulionyesha kuwa kwa muda mfupi hupunguza maumivu na uvimbe. Shida iko kwenye lebo.

Kinachofanya kazi humo ni aesini. Majaribio mengi yalitumia miligramu 50 za aesini mara mbili kwa siku, kiasi kinachopatikana katika miligramu 300 hivi za kiziduo, yaani dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mbegu. Kwa hiyo lebo iliyoandikwa "mbegu miligramu 500" bila kutaja aesini haijakwambia kitu, hata kopo liwe la bei mbaya. Mbegu mbichi na unga wake ni sumu, kwa kuwa zina eskulini, ambayo viwandani huondolewa. Kuzichemsha nyumbani si mbadala wa kazi hiyo.

Kidonge kimezwe kizima, pamoja na chakula. Kikitafunwa, aesini huchoma tumbo. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo wasianze bila daktari.

Kujua kama kinasaidia, chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzingo wa mguu juu kidogo ya kifundo, kisha sehemu nene ya shavu la mguu, saa ileile ya jioni kila wiki. Ukipima leo asubuhi na wiki ijayo jioni, utajidanganya, maana mguu hujaa kadiri siku inavyokwenda. Wiki 12 zikipita bila nafuu, acha kununua.

Muuzaji anayeahidi kwamba vena "zitapotea kabisa" anadanganya. Vali, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi chini, zikilegea ndani ya mshipa hazikazwi na kidonge. Soksi za kubana zinafaa kujaribiwa pia. Zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, ila mwenye mguu wa baridi au mapigo hafifu unyayoni apimwe kwanza.

Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, hilo huenda ni damu iliyoganda. Hospitali siku hiyohiyo.

Mfamasia,
Dar es Salaam