Barua kwa wanangu mnaokwenda Ghuba: dawa ya siku ya tisini na moja

Wanangu,

Juzi binti wa jirani alikuja barazani kuniaga. Anakwenda Riyadh, kazi ya nyumbani. Akanihesabia mzigo wake: mabuibui mawili, sabuni, pilipili ya kusaga, simu mbili. Nikamuuliza, na dawa za presha? "Nimebeba za mwezi mzima, Bibi." Mkataba wake ni wa miaka miwili.

Nilikuwa muuguzi miaka 31, mingi yake kliniki ya sukari na presha. Sasa nimestaafu, kazi yangu ni kahawa na kuulizwa maswali. Hili hamkuniuliza, naliandika hivyo hivyo.

Kile kibahasha cha kaki mnachopewa dirishani, kimeandikwa 1×2 kwa kalamu, ndani vidonge vyeupe tu, msisafiri nacho. Hapa kinatosha, kila mtu anajua maana yake. Askari wa forodha wa Jeddah haijui. Yeye anaona vidonge visivyo na jina katika begi la mgeni.

Kuna binti nilimhudumia tangu yuko shule. Kifafa chake tulikituliza kwa fenobabitali, dawa rahisi tunayoitoa kila siku. Miaka sita hakuanguka. Ajenti akamwambia asimtajie mtu ugonjwa wake. Akavitia vidonge kwenye kibahasha, kibahasha ndani ya soksi. Hakujua, na ajenti hakujali, kwamba fenobabitali inadhibitiwa kimataifa, iko orodha moja na Valium, ile ya usingizi na wasiwasi, katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Forodha wa kule walivikuta, wakamweka saa nyingi, wakamwachilia, vidonge wakabaki navyo. Siku ya nne alianguka jikoni na sufuria ya wali mkononi. Dawa ile haiachwi ghafla. Ukiikatiza, kifafa hurudi kwa hasira, pengine mara kadhaa mfululizo. Alirudishwa nyumbani na kovu la moto toka kiwiko hadi kiganja. Kovu lile nimelifunga bandeji mwenyewe.

Kwa hiyo: dawa zikae kwenye boksi lake la dukani, lenye jina lako, pamoja na barua ya daktari yenye mhuri, inayotaja ugonjwa, jina la dawa na kipimo. Jina jifunze lile la dawa yenyewe, si la kampuni. Glucophage ni jina la biashara. Metformini ndiyo dawa, na mfamasia wa Muscat ataielewa. Ukimwambia "ile nyeupe ya sukari" atakutazama tu.

Dawa za maumivu makali na za usingizi ziulizieni mapema: tramadoli, diazepamu (ndiyo hiyo Valium), na kodeini, ambayo imo hata katika baadhi ya dawa za kikohozi. Falme za Kiarabu wanataka kibali cha serikali yao kabla hujapanda ndege, na hata ukikipata ni dawa za siku 30. Za kawaida huruhusu hadi miezi 3. Saudia nao wana kibali chao. Msidhani ni vitisho vya wazee: mwaka 2017 mwanamke Mwingereza alihukumiwa miaka 3 huko Misri kwa vidonge 290 vya tramadoli alivyosema ni vya mgongo wa mwenziwe. Basi na wewe usimbebee mtu kifurushi cha dawa, hata akiwa shangazi yako.

Wenye insulini, iwe begi la mkononi. Kule chini kwenye mizigo inaweza kuganda, na iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Ukishaifungua, aina nyingi hukaa wiki nne nje ya friji, lakini si ndani ya gari la Doha mwezi wa saba.

Hili jingine nalisema polepole. Nchi za Ghuba hupima virusi vya UKIMWI kabla ya kutoa ukaazi, na anayekutwa navyo hurudishwa. Nimeona watoto wakiacha vidonge wiki chache kabla ya medikali, eti wasijulikane. Kipimo kinatafuta kingamwili kwenye damu, na hizo haziondoki kwa kuacha dawa. Kinachobadilika ni virusi kupanda. Mwenye hali hiyo na aje tuzungumze faragha, kuna nchi nyingine za kutafutia riziki.

Sasa hesabuni. Miezi mitatu ikiisha, dawa ya siku ya tisini na moja itatoka wapi? Kutumiwa kwa posta msitegemee, forodha ni ile ile. Muulizeni ajenti kabla ya kutia sahihi, mara tu baada ya kuuliza mshahara: kadi ya bima nitapewa lini, nitaishika mwenyewe, na inalipia ugonjwa niliokuja nao? Falme za Kiarabu zote, tangu Januari 2025, kibali cha ukaazi wa mfanyakazi hakitolewi bila bima, kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, naye yumo. Ajenti akianza kukohoa na kutazama saa, mwulizeni tena.

Wa Riyadh nimemwambia aahirishe wiki moja tupate barua ya daktari. Wengine njooni asubuhi, nikishaswali niko barazani. Mje na maboksi.

Bibi yenu