Salamu za Noeli kutoka kihambani

Heri ya Noeli, ndugu zangu. Nawaandikia kutoka Marangu, Kilimanjaro, kwenye kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, alfajiri ya tarehe 25 Desemba. Mawingu yamekiachia kilele cha Kibo, wanangu wawili bado wamelala, na moshi wa jikoni kwa mama unapita katikati ya migomba. Salamu zangu za kwanza ziwafikie akina mama ambao mpaka saa hizi wako njiani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine ameshikwa mkono.

Kwetu sisi Wachaga, Desemba ni mwezi wa kurudi mlimani. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa mapema, na asiyeonekana nyumbani anaulizwa. Mimi nimeulizwa miaka saba. Nilijibu kazi, nilijibu nauli, nilijibu mtoto bado mdogo. Kilichonizuia ni neno nililomwambia mama yangu.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama alishuka Dar na mkungu wa ndizi mshare. Kwa desturi yetu mzazi hupumzishwa na kulishwa miezi mitatu, na mama hakupunguza hata siku moja. Mtori wa ndizi asubuhi, mtori jioni, maji ya moto ya kunikanda, na usiku mtoto akilia yeye ndiye aliyetangulia kuamka. Mtoto alipoingia mwezi wa nne akataka tumwonjeshe uji. Kliniki walikuwa wamenifundisha kwamba ni maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, na hilo nilikuwa sawa kulishika. Hata leo ningelishika. Lakini sikumweleza. Nilimfokea mbele ya jirani, nikamwambia mambo yake ya kishamba akayafanyie kwake. Hakujibu. Usiku ule alikunja kanga zake, na alfajiri akaomba apelekwe stendi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtumia fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, naye ananijibu asante. Basi. Niliwahi kufika mara moja tu, kwenye msiba wa shangazi, nikalala usiku mmoja na kuondoka.

Mwaka huu nina binti wa miezi saba, na kaka yake ana miaka saba. Niliposema twende kwetu, akaniuliza, "Kwetu si Kimara?" Kimara ndiko tunakoishi Dar. Swali lile halikuniacha. Mtoto wa Marangu ambaye hajawahi kuona mfongo ukipeleka maji shambani, na aliyemzuia ni mimi.

Nilitamani twende kwa treni, kwa sababu mama alinileta Dar mara ya kwanza kwa treni, mimi nikiwa mgongoni kwake. Ile ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, baada ya kukosekana zaidi ya miaka ishirini. Tiketi sikupata, tukapanda basi. Nilikuwa nimejaza begi moja zawadi za mama tu: vitenge viwili, sweta zito la baridi ya mlimani, viatu vya kanisani. Nilizinunua kidogo kidogo tangu Julai. Nilidhani nikimpa vile vyote kwa pamoja sitahitaji kusema kitu.

Tulipita Korogwe na Mombo salama. Karibu na Hedaru basi likazima, na jua la pale mnalijua. Milima ya Pare kulia, tambarare kavu kushoto, na mbuyu mmoja ambao abiria wote tuligombea kivuli chake. Tulikaa kwa muda wa saa sita. Binti yangu alilia mpaka sauti ikakauka. Mama mmoja wa Kipare, wa umri wa mama yangu, akanipokonya mtoto bila kuniomba, akamfunga kwenye kanga yake na kuanza kutembea naye, akienda na kurudi kando ya lami. Mtoto akanyamaza. Aliporudi akaniuliza, "Mama yako anajua kama mmekwama?"

Hakuwa anajua hata kama tunakuja. Nilikuwa nimemwambia kaka yangu peke yake. Nikampigia mama pale pale, mkono unatetemeka. "Mna maji?" Hilo ndilo alilouliza. Nikasema tunayo. Akasema, "Njooni taratibu, nitakuwa macho."

Yalipokuja mabasi mawili ya kutuchukua, giza lilikuwa limeingia, na mizigo ikahamishwa haraka haraka kwa mwanga wa tochi. Tuliposhuka Himo nikakuta begi la nguo za watoto lipo. Lile la mama halipo. Limekwenda na basi jingine, na mpaka naandika halijapatikana. Nililia pale stendi mbele ya mwanangu, na sikujificha.

Kutoka Marangu Mtoni tulipanda kwa miguu, manyunyu yakitudondokea kutoka kwenye migomba. Tulipofika kwenye mpaka wa kihamba chetu, mwanga wa simu ukaangukia masale. Wasiotoka huku, niwaeleze: sale ni mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, na ukimkosea mtu unampelekea jani lake. Akilipokea, neno limekwisha. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Nikakata jani moja. Mwanangu akauliza ni la nini, nikamwambia yote, pamoja na neno nililomtupia bibi yake. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Naomba nilibebe mimi."

Mama alikuwa mlangoni na kibatari. Mwanangu akamwamkia shikamoo na kumnyooshea jani kwa mikono miwili. Nikapiga magoti kwenye tope, nikasema, "Mama, nilikukosea." Alilitazama lile jani muda mrefu. Kisha akalipokea. "Aika, mjukuu wangu," akasema, ndiyo asante ya Kichaga, na kwangu, "Inuka, mtoto ataumwa na baridi."

Ndani alimchukua binti yangu, akamfungua nguo zenye unyevu, akamfunika na shuka lake mwenyewe. Halafu akaniuliza kwa upole, "Huyu miezi sita imeshatimia?"

"Saba, mama."

Akaenda jikoni, akarudi na kibakuli cha mtori uliopondwa laini kabisa, umeshapoa. Alikuwa ameuandaa tangu nilipopiga simu kutoka Hedaru, ila hakutaka kumlisha mpaka aniulize. Akanipa mimi kijiko.

Nawatakia Noeli ya amani na Mwaka Mpya wenye afya, ninyi na watoto wenu na waliowalea. Walio barabarani Mungu awafikishe. Mwanangu ameamka, anauliza bibi yuko wapi. Yuko kwenye migomba anakata majani ya ng'ombe, nakwenda kumpokea mzigo.